Wanaomtaka Farhan

Jumatatu, 22 Septemba. Siku ya 80 ya ndoa.

Farhan wangu kaondoka saa kumi jioni kwenda mji wa Shakopee, ghalani, zamu ya usiku. Kabla ya kutoka kanibusu mkono uliokuwa ukinuka kitunguu. Hakujali hata kidogo! Wanaume wa namna hii huzaliwa wapi? (Huzaliwa Mombasa, mtaa wa Kibokoni, kisha huletwa Minnesota wakiwa na miaka tisa. Jibu ninalo.)

Lakini moyo unaniuma. Yeye anatoka ninapopakua, anarudi ninapovaa viatu kwenda kazini. Siku themanini za ndoa, na chakula cha jioni tumekula pamoja mara tisa. Jioni nyingine zote nimekaa mezani na sahani yake, nimeifunika kawa, tunatazamana.

Nimeapa leo. Kabla barafu haijashika ziwani, mume wangu atakula samaki wa kupaka pamoja nami saa kumi na mbili jioni, kama watu waliooana.

Na njia imeshapatikana! Nilikuwa nikitafuta mapazia kwenye simu, likatokea tangazo. Kampuni moja ya katikati ya Minneapolis inatafuta meneja mwandamizi wa mpango mkubwa wa ununuzi wa jeshi la majini. Manowari! Mpya! Saa za kazi: asubuhi mpaka jioni. Niliposoma hapo nikaacha. Mengine ya nini?

Farhan ana shahada ya manunuzi, aliyoisomea miaka mitano huku akifanya kazi. Pale ghalani ndiye anayenunua kila kitu, kuanzia magari ya kunyanyulia mizigo hadi gundi ya maboksi. Tangazo linataka uzoefu wa miaka kumi. Yeye anayo minane. Nikaongeza miwili ya uchumba wetu, ambayo kila mtu anajua ilikuwa kazi ngumu kuliko ya ghalani.

Nimejaza fomu yote. Kiingereza changu cha kidato cha nne hakikunitupa.

Jumatano, 24 Septemba. Siku ya 82.

Nimemwonyesha Farhan. Kacheka mpaka chai ikampalia. Kasema bei ya manowari moja inanunua ghala lao, na ghala la jirani, na Shakopee yenyewe. Nikamwambia kununua ni kununua. Unauliza bei, unashtuka, unageuka kwenda zako, unaitwa. Akasema kumbe muhula wake mzima wa tatu chuoni ulikuwa huo. Akaifuta ile miaka miwili ya uchumba (kwa nini?), akatuma!

Nilikusudia kutomwambia wifi Ruqayya. Huyu ni dada yake Farhan, mkubwa wake kwa miaka sita na kwa kila kitu kingine. Ana duka la madera mtaa wa Cedar-Riverside, Minneapolis, nami humsaidia siku nne kwa wiki. Nilimwambia kabla sijavua koti.

Alicheka hadi wateja wakacheka bila kujua sababu. "Wifi, hapa bahari iko wapi? Hiyo manowari mtaiegesha Ziwa Nokomis, kando ya mabata?" Nikamjibu kwamba yeye huagiza madera Dubai na hajawahi kuiona Dubai. Alama moja kwangu! Kisha akanipa maboksi kumi na manne niyafungue. Alama moja kwake.

Ijumaa, 3 Oktoba. Siku ya 91.

KAPITA!

Wamezungumza naye kwa simu dakika hamsini. Wakamuuliza hufanya nini muuzaji anapochelewesha mzigo. Akawasimulia ile wiki ya theluji kubwa gundi ilipokwisha, na jinsi alivyokuwa ameshaweka muuzaji wa pili pembeni tangu kiangazi. Walipenda mno. Kati ya watu arubaini wamebaki watatu, na mmoja wao analala sasa hivi kwenye mto wangu!

Limebaki jambo moja. Barua inasema watachunguza mwenendo wake. Watauliza majirani na jamaa watakaowachagua wenyewe, na mwisho kabisa watakuja kwa mke. Kila kitu ni siri. Hata anayeuliza hatasema ametumwa na nani.

Siri kwao. Mimi najua watakavyokuwa. Wanaume wawili. Warefu. Suti nyeusi, miwani myeusi hata kukiwa na mawingu. Gari jeusi. Kila mtu anajua serikali inavyovaa.

Farhan anasema tukae tu, wataona ukweli. Mpenzi wangu hana mipango. Ndiyo maana Mungu alimpa mimi.

Jumanne, 7 Oktoba. Siku ya 95.

Nimejiandaa. Kwanza nimempelekea mahamri kumi na mbili Pascasie, jirani yetu wa chini, mama wa Kikongo kutoka Bukavu anayejua kila mlango wa jengo hili unafunguliwa saa ngapi. Nikamwomba mtu akija kuuliza, amsifu Farhan. Akala moja palepale na kusema hakuna shida. "Dada, bwana yako nitamufanya malaika. Mabawa tu ndiyo sitamuwekea."

Kisha nikakaa dirishani. Saa tano, gari jeusi! Akashuka mwanamume mmoja mrefu mwenye miwani myeusi. Mwenzake nadhani alibaki kulinda njia. Nikashuka ngazi mbili mbili. Nikamwambia kabla hajauliza kwamba Farhan hajawahi kumpiga mtu, husali kwa wakati, hukunja soksi zake mwenyewe, na mimi nikiumwa kichwa hunikanda miguu ingawa kichwa kiko juu. Nilisema mengi. Alinisikiliza kwa heshima kubwa.

Nilipomaliza akaniuliza mende tuliwaona jikoni au bafuni.

Alikuwa mpuliza dawa. Si kitu. Ilikuwa mazoezi mazuri.

Alhamisi, 9 Oktoba. Siku ya 97. Siku nyeusi.

Ruqayya alinipigia leo, siku yangu ya kupumzika, nikiwa kituo cha basi. Akaniambia, "Wifi, kaa kitako kwanza." Nikakaa. Akasema ameingia dukani mama wa makamo, buibui jeusi, miwani ya kusomea, faili la bluu kwapani. Kwa lafudhi ni mtu wa Lamu. Kagusagusa madera mawili matatu kwa adabu, kisha kaanza kumuulizia Farhan. Ni mtu wa hasira? Ametulia nyumbani? Ana mke mmoja tu? Huwatendeaje walio chini yake? Husafiri nje, na huko nje ana nani? Ruqayya alipotaka kujua kwa nini, yule mama akasema kuna watu wanamtaka, lakini kwa sasa hawezi kuwataja.

Watu wanamtaka!

Mimi mtoto wa Mombasa. Najua kuulizwa nyendo kunavyokuwa. Kwetu kabla binti hajaolewa, wazee wake hutuma mtu mzima mwenye ulimi laini. Huzunguka kwa majirani na jamaa wa bwana kuuliza mambo hayo hayo, kwa mpangilio huo huo. Mimi mwenyewe nilipoposwa, shangazi yangu alipiga simu Minnesota siku nne kumuulizia Farhan. Na mwanamume haulizwi nyendo mpaka awe ameshapeleka posa.

Farhan amepeleka posa!

Nikamuuliza Ruqayya, huenda ni ile kazi? Akasema, "Jeshi la majini limtume mama wa Lamu mwenye buibui? Wifi, usijifariji." Kweli. Nikamkumbusha kuwa serikali ya hapa hairuhusu wake wawili. Akasema serikali haialikwi kwenye nikaha.

Nilipofika nyumbani Farhan alikuwa akipiga pasi shati, anaimba. ANAIMBA. Akaniuliza mbona macho mekundu. Nikasema vitunguu. Hatukuwa na vitunguu.

Nimuulize? Hapana. Kuuliza ni kwa wanawake wasio na mpango.

Ijumaa, 10 Oktoba. Siku ya 98.

Nina mpango!

Posa haivunjwi na mke kulia. Posa huvunjwa na majibu. Kama watu wanauliza nyendo, basi na wazisikie nyendo za kuwakimbiza mpaka Lamu. Nimeketi na kuandika aibu tatu kwenye karatasi. Zinatosha. Nyingi zingeonekana za kutunga.

Ya kwanza: hununua bila kuuliza bei. Hakuna baba atakayemwoza mwanawe kwa mfujaji.

Ya pili: hana siri. Ukimwambia jambo asubuhi, adhuhuri liko Saint Paul, mji mwingine.

Ya tatu: anaogopa maji. Hii naionea fahari. Watu wa Lamu, wazaliwa wa kisiwani, watampa binti mtu anayeogopa maji?

Nimenakili mara tatu kwa mwandiko mzuri. Ya kwanza nikampa Ruqayya. Sikutegemea, lakini aliipokea kwa mikono miwili. Akasema wifi mmoja kama mimi amemtosha maisha yote, wa pili hamtaki. Nikamwomba pia awatangazie wateja wote: Farhan akileta posa, mkataeni. Akaanza na mteja aliyekuwa chumba cha kujaribia nguo.

Ya pili kwa Ami Uthman, baba mdogo wa Farhan, mwenye duka la viungo mlango wa tatu kutoka kwa Ruqayya. Nilidhani atakataa kumsema vibaya mtoto wa kaka yake. Lakini Ami alioa mke wa pili miaka ile ya nyuma, na mpaka leo hula amesimama, maana hakuna mke anayemkaribisha mezani. Alisoma karatasi, akaikunja, akaitia mfuko wa kifuani. "Mwanangu, kwa hili hata kiapo nitakula."

Ya tatu kwa Pascasie. Akaisoma mara mbili. "Dada, juzi bwana alikuwa malaika. Leo ni shetani. Katikati ilipita nini? Mahamri ilikuwa na kitu?" Nikamweleza yote. Akafunga mikono kifuani. Akasema kwao wanawake wangeshakwenda na miiko ya ugali, vraiment, kweli kabisa, lakini kama mimi nataka karatasi, basi karatasi.

Jumapili, 12 Oktoba. Siku ya 100!

Siku mia. Farhan hakwenda kazini. Tumekula pamoja, mara ya kumi na mbili. Wali wa nazi, samaki, bamia. Alinilisha tonge la kwanza kwa mkono wake, msaliti mzuri huyu. Kope zake ni ndefu kuliko zangu. Nilimchukia kwa dakika nzima, kisha nikampa mfupa wa shingo anaoupenda.

Halafu akasema, huku anatafuna, je, hapa Burnsville nyumba ya vyumba viwili inapatikana? Kasema mambo yakienda anavyotarajia, tutahitaji nafasi.

Vyumba viwili! Kila mke na chake! Na ananiambia mimi, juu ya samaki wangu!

Nilikwenda jikoni nikakata vitunguu vitano ili machozi yawe na ushahidi. Ametuandalia chai yeye mwenyewe. Akaniambia nimepauka, nipumzike. Sauti yake ni kama blanketi. Ewe Mola, na huyo mchumba wa Lamu ameshaisikia?

Jumanne, 14 Oktoba. Siku ya 102.

USHINDI!

Mama wa faili la bluu kazunguka leo mchana kutwa, na watu wangu wote wamesimama imara. Ami Uthman alitoa zote tatu kwa mpangilio, kwa sauti ya msibani. Ruqayya alizitoa mbele ya wateja sita, nao wakaitikia kwa pamoja kama waliofundishwa. (Walifundishwa.) Pascasie kasema aliisoma karatasi kabisa, ili asikosee. Kwenye maji akaongeza lake: anaogopa hata ya kuoga. Yule mama akaacha kuandika, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Nikamuuliza Pascasie sura yake ilikuwaje. Kasema ya mtu aliyeona nyoka kwenye kabati ya sahani.

Habari imeenea. Msikitini wanawake wawili nisiowajua wamenishika mkono na kunipa pole kwa kuletewa mke mwenza. Nimewashukuru, nikawaambia wasambaze zaidi. Kila nyumba kuanzia Cedar-Riverside mpaka Burnsville ijue kwamba Farhan anatafuta mke, na imkatae!

Wale wenye suti nyeusi bado hawajatokea. Serikali ni ya kuchelewa.

Ijumaa, 17 Oktoba. Siku ya 105. Naandika nikiwa chini ya blanketi.

Saa nne asubuhi, hodi. Nikafungua. Buibui jeusi. Faili la bluu.

Amekuja kwangu! Kwa ujasiri gani? Farhan alikuwa bafuni, ametoka zamu. Nikamkaribisha kwa baridi kali kuliko ya nje. Nikampa chai isiyo na sukari katika kikombe chenye ufa. Akasema ahsante, anaitwa Bi. Fatimah, na ana maswali machache kwa mke.

Nikamwambia maswali nitauliza mimi. Nikasimama. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Alhamisi ya wiki iliyopita. Nikamwambia awaambie waliomtuma kwamba mume huyu ana mwenyewe. Kwamba nilimngoja miaka miwili kwa simu na picha, nikavuka mabara mawili na viza mkononi, sikuja kugawana. Kwamba wao wakimchukua watapata mfujaji, asiye na siri, anayeogopa maji! Wamuache na mimi, mimi nimeshamzoea! Sauti ilipanda hadi nikamsikia Pascasie chini akizima redio ili asikie vizuri.

Bi. Fatimah alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza taratibu, "Mwanangu, nani kakwambia nimeleta habari ya mke?"

Akafungua faili. Juu ya karatasi ya kwanza palikuwa na nanga, nembo ya jeshi la majini.

Amefanya kazi ya kuchunguza watu miaka kumi na moja. Wanamtuma kwa watu wetu kwa sababu watu wetu humwambia ukweli. Hapakuwa na haja tena ya kumuuliza ni akina nani wanaomtaka Farhan. Nilikuwa nimeshakaa sakafuni.

Akanisomea. Mtu anayetakiwa kununua meli za mabilioni: *hununua bila kuuliza bei*. Atakayekabidhiwa siri za ulinzi: *hana siri, adhuhuri liko Saint Paul*. Wa jeshi la majini: *anaogopa maji*. Mashahidi watatu, na wateja sita kwa pamoja. Akasema tangu aanze kazi hii amewaulizia hata watu waliokuja kufungwa jela, na nao walisifiwa na majirani. Hajapata kumwona mtu aliyechafuliwa na ukoo mzima kwa maneno yale yale, kwa mpangilio ule ule.

Mlango wa bafuni ukafunguka. Farhan huyo, kikoi kiunoni, taulo shingoni, maji yanamtiririka mpaka kwenye zulia, anaimba.

Bi. Fatimah akamtazama, akaandika kitu.

Nikaanza kukanusha yote kwa mpigo mmoja. Nikasema anapenda maji! Hanunui hata ndizi bila kuuliza bei! Ana siri nyingi sana, hata mimi sijui afanyacho! Bi. Fatimah akasema ya leo yanatosha. Mlangoni akanirudishia kikombe na kuniambia kina ufa, nisijikate.

Farhan amekaa kitandani, nami niko chini ya blanketi hili. Nilidhani atafoka. Ameniuliza jambo moja tu. Kwa nini sikumuuliza.

Jumanne, 28 Oktoba. Siku ya 116.

Barua imekuja. Wamemchagua mwingine, mwanamama kutoka Duluth. Duluth angalau kuna bandari.

Jioni Bi. Fatimah alinipigia kama mama, si kama faili. Alisema kuhusu Farhan aliandika kweli tupu: mwaminifu, mtulivu, anaoga. Zile aibu tatu alizifuta zote. Lakini mwishoni kwenye fomu kuna swali lisilokwepeka: je, kuna mtu wa karibu anayeweza kumharibia kazi? Alishika kalamu muda mrefu, akanitetea moyoni, kisha akatia alama ya ndiyo.

Nimelia kweli leo, bila kitunguu. Si kwa ajili ya manowari. Manowari ziende zao. Nililia kwa sababu nilimtaka mezani kwangu tu, na kwa mkono wangu mwenyewe nimeifunika sahani yake tena.

Nikamwambia Farhan hivyo hivyo. Kanishangaa. Kumbe hakujua! Alidhani nataka niitwe mke wa meneja. Akaniita kwa jina langu, "Ummu, shida ni chakula cha jioni?" Akachukua simu, akampigia msimamizi wake, akaomba zamu ya mchana. Dakika nne. Wamesema sawa, aanze Jumatatu. Kilichohitajika ni kuuliza tu.

Kuhusu vyumba viwili: cha pili alikitaka kwa ajili ya mama yangu, aje kututembelea. Malaika! Pascasie alikosea, mabawa pia yapo.

Nimeapa mbele ya Farhan, mkono juu ya kawa: kuanzia leo, kabla ya jambo lolote, nauliza kwanza.

Jumamosi, 8 Novemba. Siku ya 127.

Jioni tano mfululizo! Saa kumi na mbili kamili tunakula, saa moja na nusu amelala kwenye kochi mdomo wazi, na hata hivyo ni mzuri. Barafu nyembamba imeanza kandokando ya ziwa. Nimetimiza kiapo kabla haijashika!

Na leo, siamini kalamu yangu. Farhan alikwenda kumsaidia Ami kushusha magunia. Gari jeusi likasimama. Akashuka mwanamume. Suti nyeusi. MIWANI MYEUSI. Hatimaye! Nilijua mwanamama wa Duluth hatadumu.

Safari hii nilikuwa makini. Nikakumbuka kiapo, nikamuuliza kwanza: je, amekuja kupulizia dawa? Akasema hapana, anaitwa Bwana Jumaa wa Cedar-Riverside, amesikia kwa watu habari za Farhan na angependa kujua zaidi. Basi! Nikamvuta ndani. Chai yenye sukari, kikombe kizima.

Maswali yake ni yale yale, bali ya ndani zaidi. Farhan ni mtu wa dini? Ana afya? Ana subira? Anaweza kuwa mwadilifu, asipendelee upande mmoja? Nikajibu yote kabla hajamaliza kuuliza. Nikamwambia hununua kwa kuuliza bei mara tatu, siri zake ni kaburi, na maji huyapenda kama samaki. Akaniuliza nyumba ina vyumba vingapi. Nikasema tunatafuta ya viwili. Alifurahi! Akaniuliza, kwa haya kidogo, kama mimi ni mwanamke mwenye wivu. Wivu? Mimi? Nikacheka. Nikamwambia mimi ndiye niliyemwombea Farhan nafasi hii tangu mwezi wa tisa. Alivua miwani, macho yana machozi. Akasema wanawake kama mimi wamekwisha duniani.

Jeshi la majini la siku hizi lina adabu. Limeniletea halua sinia nzima.

Ijumaa atarudi na wazee wanne, jopo la mwisho bila shaka. Nitapika biriani. Farhan simwambii, nataka ashtuke kwa furaha. Ruqayya amenipigia mara saba tangu alasiri. Sipokei. Husuda tu.

Wakati wa kuaga Bwana Jumaa aliomba picha ya Farhan, eti binti yake ana hamu ya kuiona. Huyo atakuwa katibu wa ofisi. Nikampa ile ya arusi yetu, iliyo nzuri kuliko zote. Nilichukua mkasi nikajikata mimi, ili Farhan aonekane vizuri.